Gede kwa anayetaka kuuona mji, si kuta tu

Swali: "Mwezi wa nane tutakuwa Malindi, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 13. Nilikwenda Gede na shule nikiwa mdogo, na ninachokumbuka ni kuta, kuta tena, kisha kima walionyakua mikate yetu. Baada ya dakika arubaini tulikuwa tumetoka. Safari hii nataka watoto wauone mji wenyewe. Tufike saa ngapi, tuanzie wapi, tutazame nini na tujihadhari na nini?"

Jibu: Ndugu yangu, dakika arubaini hazitoshi, lakini hata mngekaa saa tatu mkifuata njia tu mngetoka na kuta zilezile. Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, haina jengo lililobaki na paa. Haina minara, wala hakuna sanamu. Mgeni anapita kutoka chumba kisicho na dari hadi chumba kingine kisicho na dari, anasoma kibao, anapiga picha, anachoka. Dawa yake ni kuingia na swali moja na kuliuliza kila mnaposimama: maji yaliingia hapa kwa njia gani, na yalitoka kwa njia gani?

Swali hilo linatokana na mahali penyewe. Mji huu ulijengwa juu ya mwamba wa matumbawe, bila mto, kama kilomita 6 kutoka baharini na kama kilomita 3 kutoka hori ya Mida. Kila aliyepanga kujenga hapa alianza na kisima. Mkiyafuata maji kutoka kisimani hadi kwenye birika, kutoka birika hadi chooni, kutoka uani hadi mtaroni, vyumba vinaanza kupata kazi zake: hapa wageni walipokewa, hapa watu walitawadha, hapa walilala, hapa waliweka mali. Mtoto wa miaka 9 analiweza swali hilo vizuri kuliko somo lolote la tarehe.

Kwanza historia kidogo, ya kutosha kujua mnachokitazama. Watu waliishi Gede kwa karne nyingi, hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Kilele chake kilikuwa karne ya 15, na sehemu kubwa ya majengo mtakayoyaona ni ya wakati huo na baada yake. Kisha mji ukahamwa na msitu ukaufunika. Wareno walikaa Malindi, mwendo wa kilomita 16 hivi, kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, na katika maandishi yao hawakuutaja mji huu kabisa. Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, alifika mwaka 1884. Serikali ya kikoloni ililitangaza eneo kuwa la kihistoria mwaka 1927, na mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kulichimbua, kazi iliyoendelea hadi mwaka 1958. Baadaye, kuanzia miaka ya 1990 mwishoni, Mfaransa Stéphane Pradines alichimba tena na kupata dalili za makazi ya mapema kuliko alivyodhani Kirkman. Mwaka 2024 UNESCO iliingiza Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hata jina si la wenyewe. Gede, au Gedi, husemwa kuwa ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani, na Kirkman alipendekeza kuwa mji wenyewe uliitwa Kilimani. Waambieni watoto hilo mapema, kwa sababu litawasaidia mtakapofika kwenye majina ya nyumba.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Malindi pandeni matatu ya kwenda Mombasa, au ya Watamu inayopitia Gede, mshuke kwenye njia panda ya Gede. Kutoka pale magofu hayafiki kilomita 2 kwa barabara ya Watamu. Bodaboda na tuktuk zipo, na kwa miguu ni mwendo mfupi wenye jua kali. Fikeni lango linapofunguliwa asubuhi, siku ya katikati ya wiki mkiweza. Agosti ni mwezi wa likizo na ni msimu wa wageni, na kuanzia saa nne mabasi hufika pamoja. Kundi la watu sitini likiingia kasri, hamtasikiana. Pangeni kukaa ndani kwa muda wa saa tatu: dakika ishirini za makumbusho, saa mbili za magofu, na zilizobaki za msitu na ukuta wa nje.

Kila mtu mzima abebe kitambulisho, kwa sababu bei ya kiingilio hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni. Malipo ya makumbusho ya taifa siku hizi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kwa hiyo fungueni akaunti na kutazama bei usiku uliotangulia, mkiwa na mtandao mzuri, badala ya kuhangaika na simu langoni huku watoto wameshika geti. Kiongozi mwenyeji ana faida kubwa, ila mkubaliane mambo mawili kabla ya kuanza: malipo yake, na muda. Mwambieni waziwazi kwamba mnataka saa mbili, mtasimama sana, na mnataka visima, vyoo na mabirika. Kiongozi anayejua kazi yake atafurahi, kwa sababu wengi humtaka amalize haraka.

Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye kukamata chini. Jiwe la matumbawe lina makali, na likiwa chini ya kivuli huota ukungu wa kijani unaoteleza kama sabuni. Agosti mvua kubwa imekwisha, lakini pwani haikosi manyunyu ya asubuhi, na manyunyu hayo yanatosha kumwangusha mtoto anayekimbia. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Dawa ya mbu ipakwe kabla ya kuingia, miguuni hasa. Chakula kiachwe kwenye gari au kifungwe ndani ya begi lenye zipu, si mfuko wa plastiki wala wa karatasi: kima wa Gede wanaujua mlio wa mfuko kabla hamjaufungua. Msiwalishe hata ndizi moja. Kima aliyezoea kulishwa humrukia mtoto aliyeshika kitu mkononi, hata kama kitu hicho ni chupa tupu, na meno yake yanaumiza vibaya.

Anzieni makumbusho madogo yaliyo karibu na lango. Wengi huyaacha hadi mwisho, wakati watoto wamechoka, na hapo hayana maana tena. Mle ndani mtaona vyungu vya udongo vya kienyeji, vyombo vya kauri vya China na vya nchi za Kiislamu, shanga na vyuma. Chagueni vitu vitatu tu na kila mtoto akumbuke kimoja. Halafu mtakapofika kwenye nyumba kilikotoka, mtoto mwenyewe ndiye atakayewaeleza. Kumbukeni pia kwamba vipande vingi zaidi vilivyochimbuliwa ni vya vyungu vya kupikia, vilivyofinyangwa hapahapa. Kauri ya China inapendeza kwenye kabati, lakini chungu cha kienyeji ndicho kilichoilisha Gede.

Mkitoka hapo, njia itawafikisha mapema kwenye Kaburi la Tarehe. Simameni. Hapa ndipo mahali pekee Gede inapojitajia mwaka: maandishi ya Kiarabu kwenye lipu yanatoa mwaka 802 wa Hijria. Mtoto wa miaka 13 mpeni hesabu hiyo. Akijumlisha 802 na 622 atapata 1424, na atakuwa amekosea, kwa sababu mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, si 365. Kila miaka 100 ya Hijria ni pungufu kwa miaka kama 3 ya kalenda ya jua. Kwa hiyo atoe 24 kwenye 802 apate 778, kisha ajumlishe 622: inakuja 1400. Kwa hesabu kamili, mwaka 802 ulianza Septemba 1399 ukaisha Agosti 1400, ndiyo maana vibao na vitabu huandika 1399. Kaburi hili lilikuwa msaada mkubwa kwa wachimbuaji, kwa kuwa tabaka la udongo linaloegemea kitu chenye mwaka linaweza kulinganishwa na tabaka jingine lisilo na mwaka.

Maandishi hayo msiyaguse, na msiyalowanishe ili yasomeke vizuri kwenye picha. Lipu ya chokaa ya miaka mia sita hunyonya maji, chumvi iliyo ndani huyeyuka, na maji yanapokauka chumvi hujikusanya chini ya uso wa lipu na kuubandua kama gamba. Mkitaka herufi zionekane, mtu mmoja ashike tochi ya simu pembeni kabisa, mwanga ulale juu ya ukuta badala ya kuupiga usoni. Mikato yote itajitokeza. Mbinu hiyohiyo itawafaa kwenye nakshi zote mtakazokutana nazo.

Msikiti Mkuu ndio mahali pa kukaa kwa muda mrefu kuliko pote. Msiingie kwanza. Nendeni kwenye ua wake wa pembeni, mtafute kisima na birika. Maji yalitekwa kisimani, yakamiminwa kwenye mfereji wa jiwe, yakatiririka hadi kwenye birika, na mwenye kuswali akatawadha hapo ndipo akaingia. Waacheni watoto wafuate mfereji kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Mteremko wake ni mdogo sana, lakini upo. Fundi aliyejenga alijua kuupima.

Kisha tazameni kisima chenyewe kwa makini, maana hapa ndipo hadithi ya mwisho wa mji inapoanzia. Kisima cha nje ya msikiti huu kilichimbwa tena kwenda chini zaidi baada ya kujengwa. Watu hawaongezi kina cha kisima kwa kupenda. Hufanya hivyo maji yanaposhuka. Kwenye mwamba wa matumbawe maji matamu hukaa kama tabaka juu ya maji ya chumvi. Mvua ikipungua, au watu wakiteka kuliko mvua inavyorudisha, tabaka hilo hupungua unene na kisima hukauka au huanza kuonja chumvi. Kirkman aliliweka jambo hili miongoni mwa sababu za mji kuhamwa. Nawaomba sana msitupe jiwe ndani ili kusikiliza kina. Visima vya mahame ni hazina ya wachimbuaji: vitu vilivyoanguka humo vimelala kwa mpangilio wa miaka, na kila jiwe la mgeni linauvuruga.

Ndani ya msikiti, hesabuni nguzo. Ziko safu tatu, kila safu nguzo sita za mraba: kumi na nane. Safu zikiwa tatu, ya katikati inasimama mbele kabisa ya mihrabu, kile kishubaka cha ukutani kinachoonyesha upande wa Makka, na aliyekuwa nyuma alizibwa kibla na nguzo. Wageni wengi hudhani ni kosa la fundi. Si kosa, ni boriti. Paa lilikuwa la mawe na chokaa juu ya miti ya mikoko, na boriti ya mkoko haivuki salama nafasi inayozidi mita tatu hivi chini ya uzito kama huo. Anayetaka jumba pana lazima apande nguzo nyingi. Mkiishika kanuni hiyo ya boriti mtaielewa Gede yote: ndiyo maana vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Mtoto apime kwa hatua zake, upana wa chumba baada ya chumba, na ataona namba ileile ikirudi.

Mihrabu yenyewe ni dira. Makka iko karibu longitudo ya 39.8 mashariki, na Gede iko karibu ya 40. Kwa hiyo kutoka hapa kibla ni kaskazini, karibu sawasawa. Fungueni dira ya simu mbele ya mihrabu mhakikishe, kisha mtumie mihrabu za misikiti yote ya Gede kujua mlikogeukia. Msituni, ambako jua halionekani vizuri na njia zinapindapinda, hili lina faida ya kweli.

Tazameni pia juu ya milango ya msikiti. Kwenye mlango mmoja, juu ya upinde, kumechongwa ncha ya mkuki. Huo ni mkuki wa bara la Afrika Mashariki, umewekwa mlangoni mwa nyumba ya ibada. Wasomi wa zamani walipenda kusema miji hii ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo ya bahari na wenyeji walikuwa watumishi tu. Akiolojia ya miaka ya karibuni imeikataa kauli hiyo, na mkuki ule ni mahali pazuri pa kuwaeleza watoto kwamba waliojenga Gede ni Waswahili, watu wa pwani hii, waliofuga, waliolima, waliovua, waliofanya biashara na dunia na kuswali kuelekea Makka.

Tofautisheni vilevile aina mbili za jiwe. Jiwe la kuta ni tumbawe gumu la nchi kavu, limevunjwa vipande visivyo na umbo na kushikanishwa kwa chokaa. Jiwe la fremu za milango, mihrabu na nakshi ni tumbawe lililochukuliwa baharini likiwa hai, ambalo hukatwa na kuchongwa likiwa bado laini na lenye maji, kisha likikauka linakuwa gumu na jepesi. Ukilitazama kwa karibu utaona vitundu vidogo vilivyopangika kama sega la nyuki. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la kuni, yakazimwa kwa maji na kuachwa yaive kabla ya kutumika. Mji mzima, basi, ni bahari iliyopandishwa nchi kavu.

Kutoka msikitini nendeni kasri. Hapa msijaribu kuona kila chumba, mtapotea. Shikeni mambo mawili. La kwanza ni mpangilio wa nyua: mnaingia kwa mlango mkubwa wa upinde, mnafika ua wa kupokelea watu, na kadiri mnavyokwenda ndani vyumba vinazidi kuwa vya faragha. Mwenye kasri aliweza kumsikiliza mtu bila mtu huyo kuona hata mlango wa chumba cha kulala. Waliowahi kuingia nyumba ya mawe ya Lamu watautambua mtindo: daka la mlangoni, kisha kiwanda (yaani ua), kisha misana (kumbi ndefu za mbele), kisha ndani. La pili ni milango iliyozibwa. Tafuteni mahali ambapo kulikuwa na nafasi ya mlango na sasa pana ukuta, mkitazama kama mawe ya kati yamefumwa na ya pembeni. Yasipofumwa, yaliongezwa baadaye. Hizi ni alama za siku za mwisho, watu wachache walipoligawa kasri kubwa katika sehemu ndogondogo na kuishi ndani yake tofauti na ilivyokusudiwa.

Pembeni mwa kasri zimesongamana nyumba za matajiri, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Majina yake yatawafurahisha watoto: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Birika, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Hapa ndipo wengi wanapopotoka. Majina haya yaliwekwa na wachimbuaji kufuatana na walichokipata ndani au umbo la nyumba. Mwenye Nyumba ya Makasi hakuwa fundi cherehani, wala hakuna Mchina aliyeishi kwenye Nyumba ya Sarafu. Sarafu zile ni mbili, za enzi ya Song ya Kusini iliyokwisha mwaka 1279, na nyumba yenyewe ilijengwa baadaye sana. Sarafu hukwambia nyumba haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko yenyewe. Haikwambii nyumba ni ya lini. Shilingi ya mwaka 1966 inaweza kuanguka leo chini ya kitanda chako.

Chagueni nyumba mbili tu na mzimalize. Napendekeza Nyumba ya Birika na nyingine yoyote ambayo choo chake kimehifadhika. Vyoo vya Gede vinastahili kutazamwa bila haya: shimo lililojengewa, mahali pa kuchutama, na pembeni benchi la mawe la kunawia. Linganisheni chumba hicho na mahali kilipo kisima. Kisha tafuteni chumba kidogo cha ndani kabisa kisicho na mlango. Mgeni hudhani kimebomoka, kumbe hakikuwa na mlango tangu mwanzo: kiliingiwa kwa kitundu cha juu ukutani, kwa ngazi, na humo ndimo mali ilimowekwa. Nje, kwenye njia nyembamba zinazotenganisha nyumba, tazameni mitaro na mashimo ya kukusanya maji ya mvua. Paa la nyumba zote hizi lilikuwa bapa, na mvua ya masika juu ya mapaa bapa ya mawe, yaliyobanana namna ile, ingezamisha mitaa kwa dakika chache kama isingetengewa njia.

Swali la wapi yalikwenda mapaa, bila shaka mtaulizwa na watoto. Boriti zilioza na kuliwa na mchwa, na juu yake kulikuwa na tabaka zito la mawe na chokaa. Zilipokatika, paa lote lilidondoka chumbani na kujaza nusu ya ukuta. Wachimbuaji walitoa kifusi hicho kufikia sakafu. Kwa hiyo Gede haikuzikwa na mchanga wala volkano. Kwa sehemu kubwa ilizikwa na mapaa yake na majani ya miti yaliyooza juu yake.

Mkiwa na nguvu bado, tembeeni hadi kuta za mji. Ukuta wa ndani unazunguka kiini chenye kasri, Msikiti Mkuu na nyumba hizi. Ukuta wa nje unazunguka ekari 45, na kati ya kuta mbili hizo waliishi watu wa kawaida katika nyumba za udongo na makuti, ambazo hazikuacha kuta. Hii ndiyo sehemu kubwa ya mji na ndiyo isiyoonekana. Waambieni watoto wasimame msituni hapo, pasipo na kitu, wafikirie paa za makuti na moshi wa jikoni kila upande. Ni hapo pia ndipo msitoke kwenye njia: ardhi kubwa haijachimbuliwa, na kuna visima na mashimo ya zamani yaliyofunikwa na majani.

Kwa nini waliondoka? Jibu la haki ni kwamba mambo yalirundikana. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa bonde la Zambezi, walipita pwani wakiharibu miji. Mwaka 1593 Wareno walihamishia nguvu zao Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia huko pamoja nao, kwa hiyo upande huu ukapoa. Waoromo walisukuma kutoka kaskazini. Na maji, kama mlivyoona kisimani, yalishuka. Kiongozi akiwapa sababu moja tu, mwulizeni na zile nyingine.

Kuhusu miti: mtaona mizizi ya mikuyu imekumbatia kuta, na mtoto atauliza kwa nini haikatwi. Mzizi unapasua ukuta, ni kweli, lakini mara nyingi ndio unaoushika usianguke. Mti ukikatwa ghafla mzizi huoza, unaacha mwanya mtupu, na ukuta unaporomoka miaka michache baadaye. Vilevile mkiona kiraka cha kijivu kigumu kwenye ukuta wa zamani, hiyo ni saruji. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu hunaswa nyuma yake na kulila jiwe la asili kandokando. Ndiyo maana matengenezo mazuri ya majengo ya pwani hufanywa kwa chokaa.

Kuketi au kupanda juu ya kuta kukatazwe tangu langoni. Mawe ya juu kabisa ndiyo yaliyolegea kuliko yote, na ukuta ukipoteza safu ya juu mvua huingia katikati yake. Kipande cha chungu mkikikuta njiani kitazameni, kipigeni picha, mkiache palepale. Kikiondoka mahali pake hakisemi kitu tena. Droni msije nayo bila kibali. Picha nzuri zinapatikana kabla ya saa nne, au mawingu yakiwepo. Jua la mchana likipenya matawini hutia mabaka meupe na meusi kwenye kila ukuta, na hakuna simu inayoweza kuyasawazisha.

Mkielekea nje nyamazeni dakika tano kwenye njia ya msitu. Sange mkubwa, mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye matako ya rangi ya dhahabu, anaishi katika misitu ya hapa na Arabuko-Sokoke jirani, na mkitulia mtamsikia akichakura majani kabla hamjamwona. Ndani ya eneo hilohilo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wa kando ya Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza vifukofuko vyake nje ya nchi, ili msitu uwape pesa ukiwa umesimama. Nusu saa inatosha, lakini nendeni jua likiwa limepanda. Kipepeo aliyepoa hukaa tu kwenye jani na watoto watadhani ni picha.

Mkipata siku nyingine, mkiwa njiani kurudi Mombasa, simameni Mnarani upande wa pili wa daraja la Kilifi, au Jumba la Mtwana karibu na Mtwapa. Jumba liko ufukweni kabisa. Waulizeni watoto swali lilelile la maji, na waone jinsi majibu yanavyobadilika mji unapokuwa hatua chache kutoka baharini.